Siku Akina Mama Waliponyamaza kwenye Sauna ya Bi Aila

Kwenu nyinyi wawili mnaochukua funguo zangu wiki ijayo, na yeyote mwingine wa kundi la vijana atakayetaka kusoma.

Mliponiomba nisimame mbele yenu pale kanisani niwaeleze kazi ya sauna, kile chumba cha mvuke cha Wafini, nilisema sawa, kisha nikaenda kujifungia msalani mpaka mkutano ukaisha. Mnanijua. Nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu, na jina lenyewe ni Kemunto tu, si refu. Kwa hiyo nawaandikia. Mengine nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, mengine yamenijia nikiwa naandika, na hayajapangika vizuri. Mnisamehe.

Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Chekeni mkimaliza turudi. Nimewasha jiko moja majira mawili ya baridi, kila Jumamosi na Jumatano, na mikononi nina alama za kuungua za kutosha kuniita mzee wa kazi. Na kabla sijawapa neno lolote kuhusu kuni, jueni kwamba Januari iliyopita nilikaribia kumuua mama yangu, pamoja na marafiki zake wawili, kwa sababu ya adabu. Yote ninayoandika hapa yanaelekea huko, hata nikionekana nimepotea njia.

Kwanza, kuni. Bi Aila, mwenye jiko, atawaletea zile za gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Msitupe hilo gome, ndilo la kuwashia. Na msiwashe kwa chini kama tulivyozoea kwetu. Panga magogo makubwa chini, madogo juu, vijiti na gome juu kabisa, halafu washa huko juu moto ushuke wenyewe polepole. Mimi sikuamini. Wiki yangu ya pili moto ulikataa, Bi Aila yuko jikoni kwenye ukumbi wa wazee, nami nikakumbuka mama anavyofanya tukichoma nyama gereji wakati wa theluji: anamwaga mafuta ya kuwashia makaa, anarudi nyuma, anatupa kiberiti. Chupa ilikuwa kwenye gari. Nikamwaga.

Moto uliwaka, ndiyo. Mawe yaliyorundikwa juu ya jiko nayo yakanywa yale mafuta. Kwa wiki tatu wazee wa Kifini walikaa mle ndani wakitoka jasho huku wakinuka kama kituo cha petroli, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Wiki ya nne mzee mmoja akaniambia akiwa anavaa soksi, "Leo harufu ni nzuri." Hapo ndipo nikajua walijua.

Wafini wako hivyo, na ndiyo maana niliwapenda kabla sijakutana nao.

Nilianza kuisoma Ufini darasa la nane, kwa kazi ya shule ya jiografia. Nikaona picha ya watu wakingoja basi, kila mmoja amesimama hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, wote wanatazama mbele, hakuna anayesema na mwingine. Darasa lilicheka. Mimi nilihisi kama mtu amenionyesha picha ya nyumbani. Fikirieni mtoto kama mimi, anayelelewa na Wakisii wa hapa Apple Valley, Minnesota, ambako ukiingia kanisani unashika mikono ya watu arobaini kabla hujaketi, na kila mama anakuuliza, "Mbona umenyamaza, umekasirika?" Halafu unaambiwa kuna nchi nzima ambako ukinyamaza unaonekana mtu wa heshima! Nikaanza kusoma habari zao kila asubuhi kwenye simu kabla ya kupiga mswaki. Nikajifunza maneno yao kumi, halafu mia. Na nikaamua nitaenda kusoma huko mwaka mmoja.

Kazi niliipata kwenye tangazo la maktaba. Wazee wenye asili ya Kifini wana ukumbi wao mdogo kule mji wa Savage, upande wa maghala karibu na mto, na nyuma ya ukumbi kuna sauna ya magogo iliyojengwa na babake Bi Aila. Yeye ana miaka zaidi ya themanini na anatembea kwa kushika kile kifaa cha chuma chenye magurudumu. Usaili wangu ulikuwa hivi.

"Unaweza kupasua kuni?"

"Naweza kujifunza."

"Unaweza kukaa kimya?"

Sikujibu. Akangoja. Nami nikangoja.

"Njoo Jumamosi," akasema.

Aliniambia nimwite Aila tu, bila kitu mbele, maana kwao hata mwalimu huitwa kwa jina lake. Nilijaribu. Mdomo ulikataa. Mtu aliyemzidi nyanya yangu umri nimwite Aila kama mwanafunzi mwenzangu? Nikabaki na Bi Aila, naye akawa anaitika kwa kuinua nyusi.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini. Jiko la pale si la kisasa. Majiko mengi ya sauna yanaweza kuendelea kuwaka watu wakiwa ndani. Lile la Bi Aila linawashwa mara moja. Unalichoma kwa muda wa saa nne hivi mpaka rundo lote la mawe lishike joto, unaacha kuni ziishe kabisa, unafunga kile kibati cha bomba la moshi ili joto lisikimbie, unamwaga maji ya kwanza mlango ukiwa wazi, unangoja hewa isafike, ndipo watu wanaingia. Joto lake ni laini, halichomi pua.

Hatari iko kwenye kibati. Ukifunga kabla makaa hayajafa, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu inakosa pa kutokea. Ni ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la makaa chumbani. Utajuaje makaa yamekufa? Utainama, utafungua kidirisha cha jiko, utaangalia. Ukiona ndimi ndogo za bluu zinacheza juu ya makaa, hata moja tu, usifunge. Bi Aila aliniambia mara moja tu, siku ya kwanza: "Bluu, hapana." Baada ya hapo, kila siku nikitaka kufunga, alikuja mwenyewe kuinama kando yangu na kile kifaa chake, magoti yakilia, akaangalia, akatikisa kichwa au akaitikia.

Kazi yangu nyingine ilikuwa habari. Hii haikuwa kwenye tangazo. Wazee wakitoka kwenye mvuke wanakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, wamejifunga taulo, wanakunywa kahawa, nami nawasomea ya Ufini. Kwamba mpaka wa mashariki, ule wa Urusi, bado umefungwa. Kwamba wanafunzi wamewekewa sheria ya simu darasani. Kwamba masharti ya vibali kwa wageni yanakazwa, na hapo nilikuwa nasoma haraka haraka nikitazama chini. Kwamba wametajwa tena kuwa nchi yenye furaha kuliko zote.

"Walimuuliza nani?" Bi Aila akasema.

Wazee wakacheka. Maana yake mabega yalitikisika kidogo.

Nilipomsomea mama habari hiyohiyo nyumbani, aliweka mwiko chini. "Nchi ya kwanza kwa furaha na hakuna mtu anayekusalimia? Kwani hiyo furaha wanaificha wapi?"

Mama ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Saint Paul. Anaongea na kila mtu: wagonjwa, walinzi, watu wa treni ya Green Line ambao wameweka vitu masikioni makusudi wasiongeleshwe. Fomu ya shirika la kubadilishana wanafunzi ilikuja Desemba. Ukurasa wa nne ulitaka saini ya mzazi, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Januari. Mama hakusaini. Aliibandika kwenye friji kwa sumaku, nikawa naipita kila nikichukua maziwa.

Nilidhani anaogopa ule mpaka. Au baridi, lakini baridi gani tena, sisi wa Minnesota? Siku moja akaniambia.

"Sio vita na sio baridi, Kemunto. Ni wewe. Wewe ukiumwa husemi."

Alikuwa anamaanisha darasa la sita, nilipokaa na tumbo siku mbili bila kumwambia mtu kwa sababu mwalimu alikuwa mgeni na niliona aibu. Kidole tumbo. Daktari alisema bado kidogo tu kingepasuka.

"Hapa niko mimi wa kukuangalia usoni," mama akasema. "Huko ni wewe na watu walionyamaza kama wewe. Nani atauliza?"

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikanyamaza. Lakini mama si mtu wa kufunga mlango kabisa. Mwishowe akasema, "Haya, nionyeshe hiyo Ufini yako. Siwezi kusaini kitu sijakiona."

Alikuwa na Jumamosi moja tu isiyo na shifti kabla ya siku ya mwisho. Nikamwomba Bi Aila atuachie sauna alasiri hiyo. Mama akasema haendi peke yake kuvuliwa nguo kwa wazungu, akaalika wawili. Mama Brayo mnamjua, yule wa sauti ya kwanza kwaya, ambaye akinong'ona watu wa maegesho wanasikia. Wa pili ni Mama Neema, aliyetoka Bukavu, Kongo, na familia yake, jirani yetu.

Sasa naanza kuorodhesha makosa yangu, kwa sababu hayakuwa moja.

La kwanza. Ukutani pale chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na king'ora cha kuonya ile hewa ya sumu. Betri yake ilikuwa imechoka, kikawa kinalia pi, kila baada ya dakika. Mnajua nyumba zetu zilivyo, kile kitu kinalia pi mwaka mzima na watu wanaendelea kula. Mimi nilitaka mama asikie utulivu wa Ufini kama ulivyo. Nikakitoa ukutani, nikakifunga kwenye taulo, nikakitia kwenye droo. Betri mpya niliambiwa ziko ukumbini. Ningetakiwa kwenda kuuliza ni droo gani, na kulikuwa na wazee wanaocheza karata pale. Nikaona nitauliza baadaye.

La pili. Tulisema saa tisa. Mimi nimekaa na Wafini mpaka nikasahau watu wangu. Nililipigia jiko hesabu ya saa tisa kamili, nikawasha saa tano asubuhi. Saa tisa makaa yalikuwa yamekufa vizuri, mawe yanang'aa joto. Saa tisa na nusu, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna mtu. Nampigia mama: "Tuko njiani," nasikia nyuma yake bomba la maji la jikoni kwetu. Joto linaondoka. Nikaogopa atakuta sauna ya uvuguvugu na aseme ndiyo hii? Nikaongeza kuni. Sio chache.

Walifika saa kumi na moja kasoro, wamejifunga leso juu ya tisheti za kwaya, wamebeba chapati kwenye mfuko.

"Woi, hapa ndipo mnapopikia watu?" Mama Brayo akaanza kabla hajafunga mlango wa gari. "Kemunto, sisi tunakaa dakika ngapi ndio tuive? Mimi saa kumi na mbili na nusu nina mazoezi ya kwaya, usinikaushe."

"Mbado bidogo, mama, moto haijaisha," nikamwambia. Nilikuwa naiga Kiswahili cha Mama Neema, naye akanipiga kibao cha bega akicheka. "Ma fille, mwanangu, usinicheke, nilikuja kuota moto, njo vile."

Mama alikuwa anatazama. Magogo, theluji juu ya paa, rundo la kuni nililopanga kwa mikono yangu. Sikuwahi kumwona akitazama kitu changu hivyo.

"Tungoje kidogo," nikasema. "Makaa bado."

"Kidogo ya saa ngapi?" Mama Brayo akauliza.

"Nusu saa. Labda zaidi."

Mama akatazama saa. "Kama ni kungoja, basi. Mama Brayo ana kwaya. Tutaiona siku nyingine."

Hakukuwa na siku nyingine. Mimi nilijua, na fomu kwenye friji ilijua.

Nikainama. Nikafungua kidirisha. Zilikuwepo. Ndogo, kama kucha za mtoto, za bluu, zinacheza pembeni upande wa kushoto. Ningeweza kumwita Bi Aila. Alikuwa ukumbini, hatua thelathini, anaoka mikate ya iliki kwa ajili ya mama zetu. Lakini angekuja polepole, angeinama magoti yakilia, angesema "hapana" mbele yao, wangepanda gari wangeenda. Nikajiambia zimebaki kidogo tu. Nikajiambia maji ya kwanza yatafukuza. Nikavuta kibati.

Nilimwaga maji mlango ukiwa wazi, nikangoja kidogo kuliko inavyotakiwa, nikawaingiza.

Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Mimi nilikaa nje ya mlango, kwenye benchi, daftari mapajani.

"Aki hii ni oveni!"

"Sogea, Mama Brayo, umekalia leso yangu."

"Mwili yangu inayeyuka, mais Seigneur, ee Bwana!"

"Hata huko Ufini wanakaa hivi uchi na wageni? Kemunto! Unasikia? Ukienda huko uvae leso!"

Aliposema ukienda, mimi nilikuwa nimeshafika.

Kisha kelele zikapungua. Sauti moja, halafu nusu, halafu mtu akapiga miayo. Halafu kimya.

Ninalo hilo daftari hapa. Nimeandika: "Wamenyamaza. Hata Mama Brayo. Nadhani wameelewa." Nimepiga mstari chini ya neno wameelewa.

Nilikaa nikiusikiliza ule ukimya na kujivunia. Sijui dakika ngapi. Nimejaribu kuzihesabu usiku mwingi na sizipati.

Kilichonitoa pale ni simu ya Mama Brayo. Ililia ndani ya pochi yake kando yangu, ule mlio wa pambio lenye makofi. Mnajua Mama Brayo na simu. Anaipokea katikati ya maombi. Ikalia mpaka mwisho. Hakuna aliyesema "Nani huyo?" Hakuna aliyesema "Nipe!" Ikanyamaza, ikaanza tena, makofi yale yale, na nyuma ya mlango hakuna kitu.

Wafini hunyamaza. Mama Brayo hanyamazi.

Nilifungua mlango. Mama Neema alikuwa amelala benchi la chini kama mtu aliyechoka safari. Mama Brayo alikuwa anajaribu kusimama na miguu haitaki, ananitazama kama hanijui. Mama alikuwa juu, ameegemea ukuta, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi.

Nikapiga kelele. Sikujua nina sauti ile. Nilimwita mama, kisha nikamwita "AILA!" bila Bi, bila kitu mbele, mpaka wacheza karata wakasikia ukumbini. Nilimvuta mama kwa makwapa, akaniangukia, tukaanguka wote kwenye theluji. Nikarudi. Nikabana pumzi, nikamburuta Mama Neema. Mama Brayo alitoka kwa magoti mwenyewe huku akitapika. Bi Aila alikuja bila kile kifaa chake. Sijui alitembeaje. Alivuta kibati, akafungua kila mlango, wazee wawili wakaleta makoti, mmoja akapiga simu ya dharura.

Mama alikuwa kwenye theluji na leso, anapumua, hafungui macho. Nilimwambia, "Mama, uko?" Nilisema hivyo mara nyingi sana. Hakujibu mpaka gari la wagonjwa lilipoingia na wakamwekea oksijeni usoni. Ndipo akasema neno moja, "Kichwa." Sijawahi kusikia neno zuri kama hilo.

Mtu wa zimamoto alitoka ndani na kile kijimashine chao cha kupima hewa. "Nani alifunga bomba?"

Bi Aila akasema, "Jiko ni langu."

Nami nikatazama theluji.

Wote watatu walilazwa siku ile, wakatoka kesho yake na maumivu ya kichwa. Jumapili jioni mama amekaa kwenye kochi, Mama Brayo yuko kwenye simu, sauti ya nje, ingawa kwake hakuna tofauti.

"Yule bibi wa kizungu ashtakiwe! Anapika watu!"

"Wamfungie hapo mahali," mama akasema. Halafu akanigeukia. "Na ile karatasi, itoe kwenye friji. Sitaki kuiona."

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli kwa sababu nyinyi ni wadogo na siku yenu itakuja. Ningenyamaza, angelaumiwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa amekubali kulaumiwa.

"Mama, ni mimi."

Nikasema yote: bluu, kibati, king'ora kwenye taulo. Kisha nikaleta daftari nikawasomea ule mstari, kwa sababu niliona nisipousoma nitakuwa nimeficha kilicho kibaya zaidi.

Simu ikanyamaza. Halafu Mama Brayo: "Ati tumeELEWA?"

Mama hakucheka. "Ulisikia tumenyamaza," akasema polepole, "ukaona ni sawa."

"Ndiyo."

"Mimi. Na Mama Brayo."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka, akashikilia ukuta, akaitoa fomu kwenye friji mwenyewe, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini. Hakusema atafanya nini nayo. Alisema tu, "Kesho utampigia yule mtu wa zimamoto umwambie. Wewe. Kwa mdomo, sio meseji."

Nilipiga. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na bado niligugumia. Kisha nikaenda kwa Bi Aila.

"Nilijua," akasema.

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Sikusema ni mimi. Nilisema jiko ni langu." Akamimina kahawa. "Nilikuwa nakungoja."

Fundi alikuja kukagua bomba. Kamati ya ukumbi ilitaka kung'oa jiko na kuweka la umeme, nami nilisimama mbele ya wazee kumi na wawili kusema kwamba jiko halikukosea, mimi ndiye niliyekosea, na yafuatayo ndiyo tutakayofanya. Sheria mtakazozikuta zimebandikwa ukutani zilitoka siku hiyo: makaa yaangaliwe na watu wawili, king'ora kipimwe kabla ya kuwasha kiberiti, na aliye nje agonge mlango kila baada ya dakika tano aulize, "Uko?" Asiyejibu, mlango unafunguliwa. Wazee walinung'unika kwamba huko Ufini hakuna kitu kama hicho. Bi Aila akasema, "Hapa si huko." Wakapiga kura kwa mikono. Jiko likabaki.

Alhamisi, siku moja kabla ya siku ya mwisho ya fomu, mama alitoka kazini, akanipitia shuleni, akaendesha moja kwa moja mpaka Savage. Ilikuwa saa nane mchana. Hakuwa hata amezima gari vizuri.

"Washa," akaniambia. "Nitangoja."

Akangoja. Kwa saa nne na zaidi, amekaa ukumbini na Bi Aila, wanakula mikate ya iliki. Nilipochungulia, mama alikuwa anaongea na Bi Aila anaitikia kwa nyusi, na wote wawili wanaonekana wameridhika. Makaa yalipokaribia kufa niliwaita. Tukainama watatu kwenye kidirisha kile, vichwa vyetu vikigusana. Kulikuwa na ulimi mmoja wa bluu. Tukangoja. Ukafa. Bi Aila akaangalia tena, mama akaangalia tena, ndipo nikavuta kibati. Maji ya kwanza, mlango wazi, nikangoja muda wote unaotakiwa na zaidi. King'ora ukutani kimya, taa yake ya kijani inawaka.

Mama akaingia peke yake.

Nilisimama na kiganja changu juu ya mlango. Dakika tano. Nikagonga.

"Mama, uko?"

"Niko."

Dakika tano.

"Mama, uko?"

"Niko. Kumbe si mbaya ukikaa chini."

Dakika tano. Mara ya tatu nikagonga.

"Mama, uko?"

Kimya.

"Mama?"

Nilisikia tone la maji likianguka kwenye ubao.

"MAMA!" Nilipiga kelele mpaka Bi Aila akadondosha kikombe ukumbini, nikausukuma mlango kwa bega, na mvuke ukanijaa usoni.

Alikuwa amekaa wima benchi la chini, leso kifuani, macho wazi, ananitazama.

"Niko," akasema. "Nilitaka nisikie kama utapiga kelele."

Nilikuwa nalia na natoka jasho, huwezi kujua kipi ni kipi.

"Sasa nenda kwenye mkoba wangu," mama akasema. "Lete ile karatasi, na kalamu. Na ufunge huo mlango, unanitolea joto."

Alisaini pale pale, juu ya goti lake. Ukurasa wa nne ulijikunja kwa mvuke na wino ukatambaa kidogo pembeni. Shirika liliupokea hivyo hivyo.